Gari Lililokuwa Likiongea

Sehemu ya nne

Nasikia huko Dar es Salaam siku hizi kuna watu wanaoendesha gari kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika simu sikioni, na kwamba wapo wanaosema itungwe sheria ya kuwakataza. Watu wanacheka. Wanauliza mtu akiongea na mkewe njiani kuna ubaya gani.

Mimi sicheki. Mwaka wa tisini na sita Mpanda hatukuwa na simu ya mkononi hata moja, lakini sheria hiyo sisi tulikuwa nayo. Ilikuwa imebandikwa kwa karatasi mbele ya usukani wangu. Niliivunja kila siku ya kazi kwa miaka mitatu, mpaka siku iliponivunja yenyewe.

Mliosoma tangu mwanzo mnanijua. Kwa asiyenijua, jina langu ni Severini, mzaliwa wa Mamba, na nilikuwa dereva wa shirika lililohudumia makazi ya wakimbizi. Magari yetu yote yalifungwa redio ya upepo. Unabonyeza kitufe cha maiki unaongea, ukiachia unasikiliza. Mzee Ponsian, mkuu wetu wa usafirishaji, aliamuru kwamba dereva akiitwa redioni asimamishe gari kwanza, aseme "nimesimama", ndipo ataje mahali alipo. Dada wa redio naye aandike kwenye daftari saa, mahali, na neno "amesimama".

Amri ilikuwa nzuri, ila sisi madereva tuliigeuza salamu. Mtu yuko kilometa themanini kwa saa, vumbi limefunika miti nyuma yake, anasema "nimesimama, ova", na dada wa redio anaandika. Ilikuwa kama mtu anayejibu "salama" huku nyumbani ameacha mgonjwa.

Wiki iliyopita niliwaacha barabara ya Ugalla, siku ya Jumanne, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Candide, dada wetu wa redio, aliniita kwa jina la gari langu, Gari Nane. Nikamjibu nimesimama, kilometa mbili kutoka darajani, huku gari linakwenda. Kwenye kona akatokea mtu na baiskeli. Nilimgonga nikiwa bado na maiki mkononi. Nikashuka, nikamwona amelala kwenye vumbi anahema. Nikasikia kengele za ng'ombe zinakuja kutoka porini, nikarudi kwenye gari nikaondoka.

Wengi mmeniandikia barua za matusi kwa hilo. Nimezisoma zote na sina la kujitetea. Lakini ule ulikuwa woga, na woga humpata mtu yeyote. Leo nawaeleza yale niliyofanya nikiwa nimekaa kwenye kiti, moyo umetulia, kalamu mkononi.

Jioni ile fundi wetu wa gereji aliona bampa limebonyea. Nikamwambia nimegonga pongo karibu na Magamba. Akaniuliza nyama iko wapi. Nikasema kakimbilia porini. Habari ikaenea uani, na kila niliyepishana naye ananiuliza pongo wetu amefikia wapi, mbona unakula peke yako. Nilicheka nao.

Jumatano asubuhi nikaitwa ofisini kwa Mzee Ponsian.

Nilimkuta afande wa trafiki amekaa, daftari la redio limefunuliwa mezani, na Candide amesimama kando ya ukuta. Nilijua nimekwisha.

Afande akaeleza taratibu. Mfugaji mmoja, jina lake Makoye, amegongwa na gari kule Ugalla. Yuko zahanati ya huko huko, hana fahamu. Aliyempeleka ni dereva wa lori la mbao aitwaye Lyamba, na Lyamba sasa yuko mahabusu mjini, kwa kuwa lori lake limekutwa na damu. Yeye anadai alimwokota tu barabarani. Anadai mbele yake kulikuwa na gari jeupe.

Magari meupe kwenye barabara ile yalikuwa ya kwetu, na mle ofisini hakuna asiyelijua hilo.

Mzee Ponsian hakutetereka. Alivaa miwani, akaweka kidole kwenye mstari, akasoma kwa sauti: "Saa nne na dakika ishirini. Gari Nane. Kilometa mbili toka darajani. Amesimama." Kisha akavua miwani. "Afande, gari lililosimama linamgongaje mtu?"

Afande alilivuta daftari akasoma mwenyewe, mara mbili. Akamuuliza Candide kama ndivyo ilivyokuwa. Candide aliniangalia mimi, hakumwangalia afande.

"Aliniambia amesimama, nikaandika," alisema.

Afande hakuomba hata kuliona gari.

Uongo niliokuwa nausema kila siku bila hata kuufikiria ulikuwa umenitoa jela. Ningenyamaza hapo, pengine leo nisingekuwa na sehemu hii ya kuwasimulia. Lakini afande alikuwa mtu wa kazi yake. Akasema kama nilikuwa nimesimama pale saa ile, basi mimi ni shahidi, lazima niliona lori likipita.

Mzee Ponsian akanitazama kwa furaha, kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefaulu. Alikuwa na haki. Amri yake ndiyo iliyomwokoa dereva wake, na kila mtu ameona.

"Lori lilikuwa na mwendo gani?" afande aliniuliza.

"Kasi," nikasema.

Wakaandika maelezo ukurasa mzima kutokana na neno hilo moja. Nilisema nililiona likiingia kwenye kona, nikasema dereva hakupiga honi, nikasema mengi ambayo hakuna aliyeniuliza. Nikatia saini.

Lyamba nilikuwa namfahamu. Masika ya mwaka ule ule alinivuta kwenye tope mto Ugalla ulipofurika, akafanya kazi mpaka akapoteza kiatu, na nilipotaka kumnunulia soda akakataa, akasema barabara ni yetu sote. Nilitia saini nikikikumbuka kile kiatu chake.

Nilipotoka nilimfuata Candide chumba cha redio. Nilitaka kujua anajua kiasi gani.

Candide alizaliwa makazini, wazazi wake walikimbia Burundi mwaka wa sabini na mbili. Nyumba nzima ya kwao ilikuwa inaitegemea ile kazi yake. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alivua spika za masikioni, akazilaza mezani, akasubiri mlango ufungwe.

"Kaka Severini, hukuachia kitufe," alisema.

Sikumwelewa. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba mtu akishtuka hubana kile alichokishika, na mimi kidole changu kilikuwa kwenye maiki. Nilibana. Kwa hiyo alisikia injini, akasikia kishindo, akasikia chuma kikiburuzwa chini ya gari. Madereva wengine waliokuwa hewani walidhani ni mikwaruzo ya kawaida ya redio. Yeye mikwaruzo anaijua.

"Halafu nilisikia mtu anamwita mama yake," akasema. "Kwa Kisukuma. Sisi makazini Wasukuma wanatuletea maziwa, neno hilo nalijua."

Nikakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Nikamuuliza kwa nini hakulisema mbele ya afande.

Alisema daftari ni lake na mwandiko ni wake. Miaka miwili amemwandikia kila dereva "amesimama" huku injini zinanguruma masikioni mwake, maana akikataa kuandika anaonekana mkorofi. Akitoa ukweli wa siku moja, kurasa zote zilizobaki zinageuka uongo. Na yeye ni mkimbizi. Mkimbizi aliyeidanganya serikali haulizwi mara mbili.

"Sitakusema," alisema. "Lakini nyie mmenizoea vibaya. Kuanzia leo ukiniambia umesimama, nitasikiliza injini kwanza ndipo niandike."

Nilimshukuru. Ona mtu nilivyokuwa, nilimshukuru na nikatoka nimepata nafuu.

Nafuu hiyo ilikaa mpaka Alhamisi saa mbili asubuhi.

Zahanati ilileta taarifa kwamba Makoye amezidiwa. Mguu umevimba na kuwa mweusi, homa haishuki, na asipofika hospitali mjini siku hiyo, basi tena. Gari la wagonjwa lilikuwa bovu. Mzee Ponsian akajitolea gari la shirika, na dereva aliyemchagua ni mimi.

"Wewe ulikuwepo pale," aliniambia. "Nenda ukaumalize wema."

Niliogopa kwamba nikikataa ataniuliza sababu. Nikachukua ufunguo.

Makoye tulimlaza nyuma kwenye godoro. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini hivi, uso umekauka, midomo imepasuka. Niliposhika miguu yake kumwinua nilitazama pembeni. Mama yake aliingia akaketi chini, akaweka kichwa cha mwanawe mapajani. Aliitwa Kashinje. Alikuwa mrefu, amejifunga kitenge kilichofubaa, na alikuwa na kibuyu cha maziwa ya mgando.

Kabla sijawasha gari alinipa kibuyu kile kwa mikono miwili.

"Kunywa, baba," alisema. "Tangu juzi yamepita magari manne hapa. Wewe ndiye uliyekuja."

Nilikunywa kwa sababu alikuwa ananiangalia. Maziwa yalikuwa matamu, nikaona aibu hata kuyameza.

Njiani aliongea. Nadhani aliongea ili asimsikilize mwanawe anavyohema. Alinieleza walivyotoka Shinyanga na ng'ombe kutafuta malisho, jinsi Makoye alivyokuwa wa kwanza kufika huku akaja kuwachukua wengine. Alinieleza kwamba ana vijana wengine wawili, wadogo zake Makoye, na kwamba wanachunga karibu na ile kona alikogongwa kaka yao. Wamesema watatoka barabarani wamwone anavyopita.

Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kusimulia malisho, kwamba yule wa lori akiachiwa hatafika kwake. Wanawe wameshakubaliana.

Nikamwambia awatulize, serikali ipo. Akasema amejaribu. Akasema jambo moja tu ndilo linawazuia, wanataka wawe na hakika kwamba ndiye.

"Na hakika ipo," alisema. "Afande ametuambia kuna mtu aliona."

Nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono yote miwili.

Hapa naomba mnisome bila kuruka, kwa sababu hili sijawahi kumwambia hata padri. Barabara ile nilikuwa nalijua kila shimo lake. Nilijua pa kupunguza na pa kukwepa. Na nilijua kwamba mgonjwa wa namna ile, ukimpitisha kwenye mashimo mawili matatu kwa mwendo wa kawaida, hafiki. Hakuna ambaye angenilaumu. Makoye asipoamka, wa kusema amebaki Candide, na Candide ameshasema hatasema.

Niliwaza hivyo tangu zahanati mpaka darajani. Kuna shimo moja nililipitia bila kupunguza. Makoye akatoa mlio, mama yake akanishika bega kwa nyuma na kuniomba radhi, eti anajua barabara ni mbaya na mimi najitahidi. Tangu hapo nilikwenda polepole. Sijisifu, nawaambia tu ilivyokuwa.

Tulivuka daraja. Redio ikaita.

"Gari Nane, Gari Nane, Besi."

Ilikuwa sauti ya Candide toka Besi, yaani chumba chetu cha redio, kubwa, imejaa gari zima. Sikuigusa maiki. Nikatazama kwenye kioo. Makoye alikuwa amefungua macho.

"Ndiye huyo," alisema.

Aliongea Kisukuma. Nimekulia Mamba kati ya wafugaji, lugha hiyo naisikia vizuri kuliko nilivyotamani siku ile.

"Nani, mwanangu?" Kashinje aliuliza.

"Huyo mwanamke. Alikuwa kwenye gari."

Mama alimfuta jasho, akamwambia ni homa, humu hakuna mwanamke ila yeye. Makoye alitikisa kichwa. Alitafuta mate, akameza, akasema kwa shida neno moja moja.

"Gari lililonigonga lilikuwa linaongea. Mwanamke alikuwa anaita nane, nane."

Nilimwona Kashinje kwenye kioo akiangalia nyuma ya kichwa changu, kisha akaangalia spika iliyofungwa juu ya kioo cha mbele, kisha akarudi kwangu. Hakuwa na haraka. Alikuwa anapanga jambo kichwani mwake kama mtu anayehesabu ng'ombe wakiingia zizini, na mmoja hamwoni.

"Baba," aliniita, safari hii kwa Kiswahili. "Lile lori la mbao nalo lina kitu hiki kinachoongea?"

"Sijui, mama," nikasema.

Nilijua. Lori la Lyamba halikuwa hata na redio ya kusikilizia taarifa ya habari.

"Gari Nane, Besi," Candide aliita tena. "Sema ulipo. Afande yuko hapa pembeni yangu. Anauliza kama mgonjwa anaweza kusema."

Mbele yangu kona ilikuwa imeshafika. Ng'ombe walikuwa wametapakaa pande zote za barabara, na kwenye ukingo walisimama vijana wawili wenye fimbo, shuka mabegani, wanaangalia gari linavyokuja. Mmoja aliinua mkono kuniashiria nisimame.

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeshafika kwenye maiki kwa mazoea. Nilihitaji kubonyeza tu. Nilihitaji kusema nimesimama, mgonjwa amelala, hawezi kusema, na kukanyaga mafuta mpaka Mpanda. Nimelisema neno hilo mara elfu gari likiwa linakwenda.

Lakini Candide angesikiliza injini.

Na Kashinje alikuwa ameinuka kwa magoti, uso wake karibu na bega langu, anaangalia mkono wangu kwenye maiki. Sikuogopa fimbo za wanawe wakati ule kama nilivyoyaogopa macho yake.

Nikakanyaga breki. Nilisogea pembeni ya barabara, nikavuta breki ya mkono, nikazima injini. Tangu niajiriwe ilikuwa mara yangu ya kwanza kuifuata ile karatasi kama ilivyoandikwa. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa, nikasikia zile kengele za ng'ombe kama nilivyozisikia Jumanne.

"Besi, Gari Nane," nikasema. "Nimesimama."

Kitambo kikapita. Nilijua anasikiliza.

"Nimekusikia, Gari Nane," Candide alijibu, na sauti yake ilibadilika kidogo. "Kweli umesimama. Naandika. Mahali?"

"Kilometa mbili toka darajani."

Nadhani alikuwa anaangalia mstari ule wa Jumanne, na afande anausoma juu ya bega lake.

Kijana mkubwa alikuwa amefika dirishani, anamsalimia mama yake na kumwita kaka yake kwa jina. Mdogo hakuja dirishani. Alipita mbele ya gari, akapunguza mwendo, akasimama. Kisha akachuchumaa pale penye bampa, akapitisha kidole kwenye ile sehemu iliyobonyea, na akaanza kukwangua kwa ukucha rangi ya buluu ambayo si ya gari letu, ni ya baiskeli.

"Mpe mwanangu hicho kitu," Kashinje aliniambia. Hakupaza sauti. "Mpe aseme."

Waya wa maiki unanyooka, unafika nyuma. Niligeuka kwenye kiti nikauvuta juu ya bega langu mpaka maiki ikafika mdomoni mwa Makoye. Aliniangalia. Tulikuwa tumewahi kutazamana hivyo mara moja, mahali pale pale, mimi nimesimama na yeye yuko chini.

Akavuta pumzi. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe, na safari hii nilikibana kwa makusudi.